Alama ya Tatu kwenye Mlango wa Mzee Ambakisye

Jumatatu, tarehe 3 Juni. Kulikucha na ukungu mzito, hata jogoo wa Bi Tumpale aliwika mara moja tu akanyamaza, nadhani alihisi amekosea saa. Baridi ilikuwa ile ya kung'ata masikio. Nilikuwa nimepiga magoti kando ya kitanda, nipo katikati ya kuiombea serikali kama Maandiko yanavyotuagiza, serikali yenyewe ilipopita barabarani juu ya gari lenye vipaza sauti vinne.

"Mwananchi," ilisema, "umefunga mlango?"

Nilitoka nje kuitikia, kwa sababu nimelelewa kwamba ukiitwa, uitike. Mtaa mzima ulikuwa umetoka. Tulisimama barabarani na mablanketi mabegani, nyumba zetu zote ziko wazi nyuma yetu, tukisikiliza kwa makini namna ya kutoziacha wazi. Gari lilipokwisha kupita, Bi Tumpale alirudi ndani akamkuta mbuzi wa jirani jikoni kwake, anamalizia kabichi.

"Huyu naye amekuja kukumbushwa," alisema, akamtoa kwa ufagio.

Bi Tumpale ndiye mjumbe wetu wa nyumba kumi. Akisema jambo, tunalichukua kama limetoka juu, ingawa mara nyingi linatoka kwake mwenyewe na ni bora zaidi.

Kwa wasomaji walio mbali, nieleze kidogo. Nchi yetu ina jina, ila kuliandika kunahitaji kibali, na dirisha la vibali hufunguliwa Alhamisi ya tano ya mwezi. Gari lile lilitumwa na Wizara ya Milango, Makufuli na Vizingiti. Wizara hiyo ilizaliwa mwaka jana, baada ya Mheshimiwa Obadia Songoma, ambaye wakati huo alikuwa Waziri Asiye na Kazi Maalumu, kutoka nyumbani kwake kwenda kufungua semina na kusahau kufunga mlango wa mbele. Aliporudi hakuikuta runinga, wala redio, wala picha yake kubwa aliyochorwa akiwa amepanda farasi. Picha ilirudishwa kesho yake, imeegemezwa kizingitini kwa heshima zote.

Iliundwa tume. Tume ilikaa miezi saba, ikatembelea nchi nne zenye milango, ikagundua kwamba wananchi ni wasahaulifu. Mheshimiwa akapewa kazi maalumu.

*

Habari hizi ninazijua vizuri kwa sababu ya masomo. Mchana natengeneza baiskeli, jioni nahudhuria darasa la watu wazima katika ukumbi wa kanisa. Vitabu vya kusomea havijafika tangu darasa lifunguliwe, lakini nyaraka za Wizara hufika kila wiki, katoni nzima, kwa hiyo mwalimu hutufundishia hizo. Neno la kwanza nililolisoma bila kusaidiwa lilikuwa MARUFUKU. Nilimshukuru Mungu kwa machozi, kwa maana niliona sasa nami naweza kukatazwa moja kwa moja, bila kupitia kwa mtu.

Waraka Namba 4 ulituagiza kila mmoja afunge uzi kwenye kidole cha shahada, ili akiuona akumbuke mlango. Uzi ulikuwa na rangi za taifa, na uligawiwa ofisi ya kata. Watu walikwenda kupanga foleni tangu alfajiri, na kwa haraka ya kuuwahi uzi wengi waliacha milango wazi. Baada ya wiki moja ikaonekana kwamba watu wanauona uzi vizuri, lakini hawakumbuki ni wa nini. Wengine walidhani ni wa chanjo. Fundi cherehani wa mtaa wetu aliutumia kushonea kifungo.

Waraka Namba 5 ukaleta uzi wa pili, wa kukumbushia wa kwanza.

Mimi uzi wangu ulinaswa kwenye mnyororo wa baiskeli ya mteja, nusura uondoke na kidole. Sikulalamika. Nilimwomba Mungu awape watu wa Wizara hekima, kwa kuwa sauti walikuwa nayo tayari.

Ndipo ukaja Waraka Namba 7, na huo ndio uliotuletea shida, kwa sababu ya Mzee Ambakisye.

*

Mzee Ambakisye alikuwa mpasua mbao. Miaka arobaini alisimama juu ya magogo msituni akivuta msumeno wa watu wawili, akiwachosha vijana upande wa pili. Miguu yake ilikufa miaka mitatu iliyopita. Mikono haikupata habari. Bado akikushika kiganja unaomba radhi hata kama hujakosa. Macho nayo yamefifia, anatuona kama vivuli, na masikio husikia yale yanayoyataka. Anaishi na binti yake Atupele, anayefua mashuka katika hospitali ya wilaya. Atupele hutoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi jioni.

Katikati ya saa hizo, mzee ni wetu sote. Tuna zamu. Saa mbili Bi Tumpale huleta uji. Saa nne mke wa fundi cherehani humgeuza ubavu na kumwaga lile beseni la chini ya kitanda. Saa sita kuna chakula, kutoka kwa yeyote aliyepika. Saa nane ni zamu yangu: kumgeuza tena, kumwaga beseni tena, na kutukanwa kidogo. Saa kumi jirani wa nyuma huja na chai. Na desturi yetu ni kwamba hata asiye na zamu, akiingia kwa mgonjwa hatoki mikono mitupu. Atafanya angalau jambo moja.

Kwa hiyo mlango wa Mzee Ambakisye, tangu Atupele atoke hadi arudi, haufungwi kwa kufuli. Unarudishiwa tu.

Waraka Namba 7 ulisema, na hapa nanukuu kama nilivyonakili ubaoni: "Mlango uliorudishiwa ni mlango uliosahauliwa." Wakaguzi watapita mchana bila taarifa, watasukuma kila mlango, na ukifunguka watapaka alama nyekundu. Alama ya kwanza ni onyo. Alama ya pili ni onyo kali. Alama ya tatu, mlango unang'olewa na kupelekwa bohari ya Wizara, kwa kuwa nyumba isiyo na mlango haiwezi kusahauliwa kufungwa.

Mwalimu aliuliza kama kuna swali. Nilinyoosha mkono nikauliza kama nyumba hiyo haitakuwa wazi zaidi kuliko mwanzo. Mwalimu alitazama pembeni, akasema swali langu ni zuri na tulifanyie mazoezi ya mwandiko.

Na kweli mpango ulifanikiwa. Katika kata ya jirani redio ilitangaza kwamba milango isiyofungwa imepungua kutoka mia tatu hadi sifuri. Milango yote mia tatu ilikuwa bohari.

Sasa sikilizeni jambo lenyewe. Mtaa wetu uko juu mlimani, na Juni kwetu upepo hauna adabu. Daktari alimwambia Atupele kwa maneno machache: kifua cha baba yako hakitastahimili baridi, usiku mmoja nyumba ikiwa wazi, uandae sanda. Atupele alimsimulia Bi Tumpale, Bi Tumpale akaniambia mimi, nami nikamwambia Mungu.

*

Hatukukaa tu. Bi Tumpale alipeleka wazo wilayani: Atupele afunge mlango, na sisi wenye zamu tuchongewe funguo. Jibu lilikuja baada ya siku tatu, limegongwa mihuri miwili. Lilisema kwamba ufunguo unaotumiwa na zaidi ya watu wawili si ufunguo tena, ni mkutano wa hadhara, na mikutano ya hadhara huombewa kibali siku kumi na nne kabla.

Tukaomba msamaha wa ugonjwa. Fomu ya msamaha ilieleza kwamba mgonjwa asiyeweza kutembea anatakiwa aipeleke mwenyewe.

"Kwa miguu?" nilimuuliza Bi Tumpale.

"Haijaandika kwa miguu. Imeandika 'afike akiwa wima'."

Mkaguzi wa mtaa wetu alikuwa Bwana Lwitiko, mtu wa makamo mwenye kitambi cha heshima na sweta la Wizara. Tulimjua. Alilelewa na bibi yake nyumba ya tatu kutoka kwangu, na bibi huyo alikuwa na fimbo. Wakaguzi walikatazwa kupiga hodi, maana hodi ingemkumbusha mwenye nyumba, na Wizara iliyoundwa kutukumbusha haikutaka tukumbushwe kabla ya kuhesabiwa. Lakini Lwitiko hakuweza kuingia bila hodi. Alisogeza mdomo kwenye mbao, akanong'ona "hodi" kama mtu anayeungama, kisha akasukuma.

Mara ya kwanza nilimkuta akitoka kwa Mzee Ambakisye amekunja mikono ya sweta. Bi Tumpale alikuwa anamsubiri nje.

"Lwitiko mwanangu, umeingia kwa mgonjwa. Umemfanyia nini?"

"Nimemgeuza, mama. Nimemfunika na lile blanketi zito."

"Ahsante. Mungu akubariki."

"Amina," alisema Lwitiko, akachovya brashi, akapaka alama nyekundu mlangoni. Alama ilikuwa ya duara kabisa. "Mama, natakiwa kuleta wasahaulifu sita kila siku. Nisipowafikisha, mimi mwenyewe nahesabiwa wa sita."

"Na huyu kasahau nini?"

"Hakuna safu ya kuandika hiyo."

Mara ya pili alimgeuza, akamlisha ndizi, akapaka alama ya pili. Alilia kidogo. Tulimpa maji.

*

Tulitangaziwa kwamba Jumanne tarehe 25 Mheshimiwa Waziri mwenyewe atakuja mtaani kwetu kuzindua Wiki ya Kitasa. Angesukuma mlango mmoja kwa mkono wake, ung'olewe mbele ya kamera, na taifa zima likumbuke. Walihitaji mlango ambao kwa hakika ungefunguka. Walimwagiza Lwitiko alete daftari. Daftari lilionyesha nyumba moja yenye alama mbili, iliyo wazi kila siku saa nane mchana bila kukosa.

Alfajiri ya Jumanne hiyo Atupele alisimama kizingitini na kufuli mkononi. Bi Tumpale na mimi tulikuwepo.

"Baba, nifunge leo tu. Wakisukuma wakute ngumu, waende zao."

"Na mimi nibaki humu kama gunia la mahindi?" sauti ya mzee ilitoka ndani. "Moto ukishika nitaomba kibali cha kutoka?"

"Baba, wataung'oa. Leo jioni utalala upepo unakupiga."

"Nimelala msituni miaka arobaini."

"Ulikuwa na kifua, baba."

Mzee akasema, taratibu, "Atu, wakikuta kufuli hawatarudi na kamera, watarudi na mtaimbo. Na siku utakayonifungia ndiyo siku majirani watazoea kupita. Urudishie, uende kazini."

Atupele alirudishia. Aliondoka bila kugeuka nyuma. Kufuli alilisahau mkononi, nilimwona analibeba hadi kona.

*

Tuliamriwa kujipanga barabarani saa tatu, kwa kuwa Mheshimiwa angefika saa nne. Saa nne ilifika bila yeye. Bi Tumpale akamwendea askari aliyesimamia mstari.

"Afande, ndani pale kuna mgonjwa, zamu yake imefika. Dakika tano tu."

"Mama, ukitoka mstari utakuwa na pengo. Waziri hapokelewi na pengo."

"Basi aende mmoja wetu wa nyuma."

"Nyuma nako kuna kamera ya juu."

Ikapita saa nne, ikapita saa sita. Mzee alikuwa hajageuzwa tangu Atupele aondoke, na beseni lilikuwa kama lilivyo. Nilisali kimoyomoyo. Sikuomba muujiza mkubwa. Niliomba tu Mheshimiwa asahau.

Alifika saa nane kasorobo, na magari kumi na moja na bendi ya polisi. Ni mtu mnene, mwenye suti ya rangi ya maziwa na sauti iliyozoea kumbi. Walimbandika kinasa sauti kidogo kwenye ukosi wa koti, kimeunganishwa na vile vipaza sauti vinne na redio ya taifa, ili hata pumzi yake iwafikie wananchi.

"Ndugu wananchi," alianza, "mlango ni nini? Wataalamu wangu wamelifanyia kazi swali hili miezi kumi na moja. Mlango ni ukuta wenye uungwana." Makofi. "Taifa lisilofunga mlango ni kama mtu alalaye mdomo wazi, siku moja ataamka na nzi." Makofi. "Na ninaposema fungeni, sisemi mfunge tu kama mlivyozoea. Fungeni kimkakati."

Nilipiga makofi kama wengine. Mkono wa kushoto wa Lwitiko ulikuwa na brashi, wa kulia daftari, kwa hiyo yeye alipiga makofi kwa kutikisa kichwa. Nyuma yake walisimama mafundi wawili na mtaimbo, na lori limefungwa utepe.

Mheshimiwa aliuendea mlango wa Mzee Ambakisye. Hakupiga hodi, wala ya kunong'ona. Alisukuma. Mlango ukafunguka.

Watu wa mstarini hawakupiga makofi hapo. Si kwa ukaidi. Kuingia kwa mtu bila hodi ni jambo ambalo mikono yetu haijui ilifanyie nini.

Mpiga picha alitaka kumfuata, lakini kamera ilikuwa pana kuliko kizingiti. Akabaki nje. Kwa hiyo yaliyotokea ndani hatukuyaona, wala nchi haikuyaona. Tuliyasikia, kwa vipaza sauti vinne.

"Umechelewa, Baba Gwamaka," ilisema sauti ya Mzee Ambakisye juu ya mtaa mzima.

Baba Gwamaka ni mimi. Ilikuwa saa nane kamili.

"Mzee," alisema Mheshimiwa, "mimi ni..."

"Usinieleze wewe ni nani. Tangu uanze hiyo shule ya jioni unajiona waziri. Huingii kwa hodi, husalimii, na leo umejimwagia manukato. Unakwenda kuoa? Njoo unigeuze, mgongo umekufa."

Bi Tumpale alinisogelea. "Kwani huwa anakusema hivi kila siku?"

"Kila siku."

"Mbona anakusema kwa haki."

Vipaza sauti vilikoroma. "Mzee, kuna kutoelewana hapa. Nimekuja kwa ajili ya mlango."

"Mlango hauumwi. Anayeumwa ni mimi. Shika bega. Siyo hilo, hilo ndilo linalouma. Hapo. Sasa usinivute, nisukume. Pumua, mbona unashika pumzi kama unapiga mbizi?"

Tulisikia kitanda kikilia. Tulisikia Mheshimiwa akihema, na kitambaa kizuri kikichanika mahali fulani. Askari wa mstari alisimama wima kabisa, hajui kama hii inapigiwa saluti. Mimi nadhani Mheshimiwa angeweza kutoka wakati huo. Lakini mzee mgonjwa akikuambia "nigeuze," mwili unatii kabla ya cheo kuulizwa. Na hata Waziri, kabla ya yote, aliwahi kuwa mtoto wa mtu.

"Afadhali," alisema mzee. "Vibaya, lakini afadhali. Sasa beseni."

Kikafuata kimya. Redio ya taifa ilikitangaza kimya hicho nchi nzima.

"Baba Gwamaka, usilitazame. Halijawahi kupungua kwa kutazamwa. Shika pande zote mbili, nyanyua taratibu, limejaa tangu asubuhi. Sijui leo mlikuwa mnacheza wapi wote."

Mafundi nao walikuwa na ratiba iliyoandikwa: Mheshimiwa kuingia, mlango kung'olewa, dakika nne, Mheshimiwa kutoka akitabasamu. Waliona Mheshimiwa ameingia, basi wakaanza. Bawaba ya juu ilitoka kwa kishindo. Mlango ukainama nje kama mlevi, na upepo wa mlimani, uliokuwa unasubiri tangu asubuhi, ukapita pale na ukungu wake wote.

Mzee akaanza kukohoa.

Nimemsikia akikohoa mara nyingi, lakini sijawahi kumsikia kwa vipaza sauti vinne. Kikohozi kilianza kidogo, kikashuka chini, kikawa cha mtu anayeburuta gogo lisilokuja. Kilikatika, tukasubiri pumzi irudi. Haikurudi upesi. Bi Tumpale alitoka kwenye mstari na pengo likabaki pale, na askari akampisha. Mimi nilikuwa nasema Baba Yetu, nimefika kwenye mkate, siwezi kuendelea.

Pumzi ikarudi. Na juu yake ikaja sauti ya Mheshimiwa, siyo ile ya kumbi, nyingine, ya mtu aliyekasirika nyumbani kwake.

"Nani ameacha mlango wazi huko? Baridi inamwingia mzee."

Mafundi walimtazama Lwitiko. Lwitiko alitazama ratiba.

"Mheshimiwa," alisema kwa unyenyekevu, "ndiyo tunaung'oa."

"Rudishieni."

"Mheshimiwa, ratiba inasema..."

"Nimesema rudishieni huo mlango. Mnataka kumuua mtu hewani?"

Waliinua mlango, wakapigilia bawaba ya juu kwa kisigino cha mtaimbo. Sijawahi kuona watumishi wa Wizara wakifanya kazi kwa haraka namna ile. Kikohozi kilipungua, kikawa cha kawaida.

*

Baada ya muda mlango ulifunguliwa kwa ndani, na Mheshimiwa akatoka. Suti ya rangi ya maziwa ilikuwa imepasuka kwapani. Alishika beseni kwa mikono miwili, amelitanguliza mbele, kwa hiyo hakuweza kupunga. Bendi ya polisi ilikuwa imeagizwa kupiga mara tu atakapotokea, ikapiga. Hivyo ndivyo Waziri alivyokwenda chooni nyuma ya nyumba, polepole, asimwagikiwe, kwa ngoma na tarumbeta, na sisi tukipiga makofi kama tulivyoelekezwa.

"Haliosheki kwa kutikiswa, Mheshimiwa," Bi Tumpale alimwambia nje ya choo. "Chukua majivu pale. Na maji yako kwenye ile ndoo."

Alisugua kwa majivu. Alirudi ndani kulirudisha chini ya kitanda. Safari hii mlango ulibaki nusu, Bi Tumpale yuko kizingitini na mimi nyuma yake, na wengine nyuma yangu, na kamera juu ya bega langu.

Mheshimiwa alipoinuka, Mzee Ambakisye alimshika kiganja.

"Hii siyo mikono ya Baba Gwamaka," alisema, akiipapasa. "Hii haijawahi kushika spana. Haijawahi kushika hata jembe. Wewe nani?"

"Mimi ni Waziri wa Milango, Makufuli na Vizingiti."

"Ahaa." Mzee alifikiri. "Ndiyo maana hukupiga hodi."

"Samahani, mzee."

"Umenigeuza kama mtu anayegeuza chapati ya kwanza. Lakini umegeuza. Zamu yako nyingine lini?"

"Mzee, nina majukumu ya kitaifa."

"Siku ziko saba. Taja moja."

"Ofisi yangu itakuandikia barua."

"Ofisi yako haina mikono. Taja siku."

Mheshimiwa alijaribu kuutoa mkono wake kwa adabu. Haukutoka. Alitazama mlangoni kutafuta askari, akakutana na Bi Tumpale.

"Kwetu ndivyo ilivyo, Mheshimiwa," Bi Tumpale alisema. "Aliyemgeuza mgonjwa mara ya kwanza anataja siku na saa, kwa sauti, mbele ya watu, ndipo anaachiwa mkono. Nasi sote humu tulianza hivyo hivyo. Usimsubiri achoke. Amevuta msumeno miaka arobaini."

Lwitiko naye alijipenyeza chini ya kwapa langu, daftari mkononi. Brashi ilikuwa bado inadondosha rangi nyekundu.

"Mheshimiwa, naomba mwongozo. Alama ya tatu nipake, nisipake? Safu iko wazi na rangi inaisha."

Waziri aliitazama brashi. Akamtazama mzee, aliyekuwa amefumba macho kama mtu asiye na haraka. Nje vipaza sauti vilikuwa vimenyamaza, vinamsubiri, na nchi nzima nayo.

"Mimi, Obadia Songoma," alisema, na sauti yake ikatoka juu ya mtaa, "Waziri wa Milango, Makufuli na Vizingiti, naahidi mbele yenu nyote kwamba keshokutwa, Alhamisi, saa nane mchana, nitakuja hapa kumgeuza Mzee Ambakisye na kumwaga beseni lake."

"Utapiga hodi," alisema mzee.

"Nitapiga hodi."

"Nami siwezi kuinuka nije nikufungulie."

Mheshimiwa alivuta pumzi, na kila mtu alimsikia akiivuta.

"Na mlango huu," alisema, "niukute hapa hapa kwenye bawaba zake, umerudishiwa tu, na asithubutu mtu yeyote kuufunga."